Nyumba za kupangisha: maswali ninayoulizwa sana na majibu yake

Haya maswali nimekuwa nikiyajibu moja moja kwa miaka, mengine kwa simu, mengine mtu ananikuta kwenye ujenzi, sasa nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mifano ya hela humu ndani nimeweka namba tupu, we badili kwa hela ya kwenu. Na nikisema kodi namaanisha ile anayolipa mpangaji, ile nyingine ntaiita kodi ya serikali ili tusichanganyane.

Nyumba ya kupangisha inalipa kweli au ni maneno tu?

Inalipa, ila polepole, na haimlipi kila mtu. Watu wengi wanaona kodi inaingia kila mwezi wanadhani ile ndo faida, kumbe humo ndani kuna bati la mwaka ujao, kuna pampu ya maji, kuna miezi miwili nyumba itakaa tupu, kuna rangi. Kama unataka hela ya haraka, hapa sipo pa kuja. Kama una mtaji ambao hutauhitaji kwa miaka 10 hivi na una uvumilivu wa kudili na watu, basi tuendelee.

Nitajuaje kama nyumba ninayoitaka ina faida?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote humu kwahiyo nitakaa nalo. Tuseme nyumba inauzwa milioni 100 na kodi ya eneo lile ni laki 8 kwa mwezi. Dalali atakupigia hesabu hivi: laki 8 mara 12 ni milioni 9.6, gawa kwa 100, unapata asilimia 9.6 kwa mwaka. Tamu kabisa. Sasa pigia hesabu yako mwenyewe. Kuhamisha umiliki, mwanasheria na ada nyingine, weka milioni 5. Marekebisho kabla mpangaji hajaingia, milioni 7. Tayari nyumba imekugharimu 112 na sio 100.

Halafu kwenye mapato toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, inabaki milioni 8.8. Toa milioni 1 ya matengenezo, toa laki 6 za bima na kodi ya serikali ya jengo, toa asilimia 10 ya msimamizi ambayo ni laki 8 na elfu 80. Unabaki na milioni 6.32. Gawa kwa 112, unapata asilimia 5.6 hivi. Yani ile 9.6 imeyeyuka mpaka 5.6 na hapo hamna kitu kibaya kilichotokea, hakuna mpangaji aliyekimbia na deni, hakuna bomba lililopasuka, huo ni mwaka wa kawaida tu. Kurudisha hela yako kwa kodi peke yake ni karibu miaka 18.

Sasa hiyo 5.6 ilinganishe na benki inakupa ngapi ukiweka hela muda maalumu, au hati fungani za serikali (yani unaikopesha serikali inakulipa riba) zinalipa ngapi. Kama zile zinalipa zaidi bila kusumbuliwa na fundi usiku, basi nyumba inabidi iwe na sababu nyingine ya kununuliwa, mfano eneo linakua na kodi itapanda na miaka. Hiyo sababu iandike kwenye karatasi. Ukishindwa kuiandika usinunue.

Mbona umetoa hela ya msimamizi wakati mi nitasimamia mwenyewe?

Manake muda wako pia ni hela. Ukisimamia mwenyewe hiyo asilimia 10 ni mshahara wako, sio faida ya nyumba. Na siku ukiumwa au ukihama itabidi umlipe mtu, kama hesabu ilikuwa imesimama kwa sababu ya jasho lako la bure basi siku hiyo itaanguka.

Nichukue mkopo?

Inategemea riba. Chukua nyumba ya milioni 80, unaweka 20 zako, unakopa 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Rejesho la mwezi linakuja kama laki 9 na elfu 68. Kodi ya nyumba ya bei hiyo labda ni laki 6 au 7. Kwahiyo kila mwezi unatoa mfukoni, na bado hujagusa matengenezo. Mwezi wa kwanza kati ya hiyo hela uliyorejesha, laki 7 na nusu yote ni riba, deni lenyewe limepungua laki 2 na kitu tu. Mpaka unamaliza umelipa kama milioni 116 kwa mkopo wa 60.

Sisemi mkopo ni mbaya. Riba ikiwa chini ya faida halisi ya nyumba, ile tuliyoipiga juu, mkopo unakusaidia. Riba ikiwa juu yake mkopo unakula mtaji wako kila mwezi huku unajiona mwenye nyumba. Angalia pia kama riba inabadilika badilika, pigia hesabu ikipanda kwa pointi 3, yani kutoka asilimia 15 mpaka 18, utaweza?

Na bei ya nyumba nayo inashuka jamani, wanaosema ardhi haishuki wanadanganya. Marekani bei za nyumba zilianza kushuka kuanzia 2006 mpaka karibu 2012 na kitaifa zilianguka zaidi ya robo. Mtu aliyeweka 25 na kukopa 75 kwenye nyumba ya 100, bei ikishuka robo mtaji wake wote umekwisha na deni lipo palepale. Aliyepona ni yule ambaye kodi ilikuwa inatosha rejesho, manake hakulazimika kuuza wakati bei iko chini. Ndo mana nasisitiza hesabu ya mwezi kuliko ndoto ya bei kupanda.

Bora nyumba moja kubwa au vyumba vingi vidogo?

Nyumba moja ikikosa mpangaji umekosa asilimia 100 ya mapato. Vyumba vinne kimoja kikiwa wazi umekosa robo. Kwa anayeanza na mtaji mdogo mi napenda vidogo vidogo kwa sababu hiyo tu. Ila ujue vidogo vina watu wanaohama hama zaidi, choo na bomba vinatumika sana, na ugomvi wa maji na umeme wa kushea ni mwingi. Kama utajenga au kununua vya namna hii kila chumba kiwe na mita yake ya umeme na ikiwezekana ya maji. Gharama ya mita utaiona kubwa siku ya kwanza, lakini nimeshuhudia wapangaji wazuri kabisa wanahama sababu jirani anapikia jiko la umeme na bili inagawanywa sawa kwa sawa.

Eneo zuri naangalia nini?

Angalia nani atapanga pale kabla ya kuangalia nyumba. Kuna chuo, hospitali, kiwanda, ofisi? Kama ni mwajiri mmoja tu anayeliweka eneo lote hai, siku akifunga wapangaji wote wanaondoka pamoja. Tembea kwa miguu kuanzia pale mpaka kwenye usafiri wa umma, hesabu dakika. Nenda mchana, nenda usiku, nenda siku mvua kubwa inanyesha uone maji yanaelekea wapi. Hesabu pia vibao vya "inapangishwa" vingapi viko mtaa huo, vikiwa vingi uliza vina muda gani pale, na piga simu ujifanye mpangaji uone bei wanayokubali baada ya kupatana, hiyo ndo kodi ya kweli ya eneo.

Nikienda kukagua nyumba niangalie nini maana mi sio fundi?

Lipa fundi au mkaguzi, kweli, usibane hapo. Lakini kabla hujamlipa kuna vitu unaviona mwenyewe.

Maji kwanza. Funga mabomba yote ya nyumba halafu kaangalie mita ya maji. Ikiwa inazunguka kuna sehemu inavuja, na kama huoni maji popote basi inavuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu, hiyo ni gharama. Choo, weka rangi ya chakula kidogo kwenye tanki la kuflashi usubiri dakika 20 hivi bila kuflashi, rangi ikitokea kwenye bakuli basi kinavujisha maji muda wote na bili utaiona.

Nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida. Ufa unaopita mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, ambao upande mmoja umepana kuliko mwingine, unaoingiza ncha ya kalamu, huo msingi unazungumza. Muulize muuzaji, halafu usitegemee jibu lake, mpeleke mtu wa majengo. Ukuta uliopakwa rangi mpya sehemu moja tu nao uguse, ubonyeze, unuse. Unyevu una harufu ambayo rangi haiifichi zaidi ya wiki chache.

Umeme, angalia kama kuna waya wa ardhi na kama boksi kuu lina kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, kile cha miliampia 30, ndo kinachookoa mtu akishikwa na shoti bafuni. Kama hakuna, kiweke kabla hujampa mtu yeyote ufunguo, hata ukibana bajeti sehemu nyingine zote. Paa kama ni la zamani uliza kama ni asbesto, na kama ndio usiruhusu fundi alikate au kulitoboa, vumbi lake likivutwa linaleta ugonjwa wa mapafu na kansa miaka mingi baadaye.

Dalali anasema kuna mtu mwingine anataka kuilipia leo, nifanyeje?

Mwache ailipie. Dalali anapata hela yake biashara ikifungwa, awe mkweli au asiwe, haraka ni yake na sio yako. Usitoe hata senti ya "kushikilia" kabla hujaenda mwenyewe ofisi ya ardhi kuthibitisha jina lililo kwenye hati ni la huyu anayeuza, na kama kuna mkopo wa benki, zuio la mahakama au mgogoro wa mirathi juu yake. Nakala ya hati kwenye simu sio hati. Mpimaji aje aonyeshe mipaka, maana unaweza kununua kiwanja halali kabisa halafu ukuta na choo viko kwa jirani. Kama muuzaji ana ndoa, ridhaa ya mwenza wake iwe kwa maandishi. Na malipo yapite benki yawe na kumbukumbu, sio mfuko wa hela taslimu.

Mpangaji mzuri nampataje?

Kwa kutokuwa na haraka. Najua inauma kuona nyumba tupu, ila mwezi mmoja mtupu una mwisho unaojulikana, mpangaji mbaya hana. Mi nafanya hivi: namuuliza kazi anafanya wapi na nathibitisha, naangalia kipato chake kama kodi haizidi theluthi, na nampigia mwenye nyumba wake wa nyuma. Hapa sikiliza vizuri. Sio huyu wa sasa, wa kabla yake. Huyu wa sasa kama anasumbuliwa atamsifia ili amtoe, yule wa zamani hana cha kupoteza atakwambia ukweli. Muulize swali moja tu, "ungempangisha tena?" halafu nyamaza. Akisita umeshapata jibu.

Maswali yawe yaleyale kwa kila anayekuja. Usimkatae mtu kwa kabila, dini au kwa kuwa ni mama anayelea peke yake. Kwanza ni kumdhulumu mtu anayetafuta pa kulala, pili sehemu nyingi ni kosa kisheria, na tatu nakwambia kutokana na nilivyoona, hao wanaokataliwa kila mahali wakipata nyumba kwako wanaitunza na wanakaa.

Nipandishe kodi kila mwaka?

Kabla ya kupandisha piga hii hesabu. Unapandisha asilimia 5, mpangaji anachukia anahama, nyumba inakaa wazi mwezi mmoja. Ule mwezi uliopoteza utaurudisha kwa hiyo asilimia 5 baada ya miezi 20. Na hapo hujaweka rangi wala hela ya dalali. Kwahiyo mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba mi namwachia kidogo chini ya bei ya soko, kwa makusudi kabisa. Ila usikae miaka 6 bila kugusa halafu siku moja ukapandisha asilimia 40, hapo unamvunjia mtu maisha. Kidogo kidogo, kwa taarifa ya mapema ya maandishi, na kwa mujibu wa sheria ya kwenu maana nchi nyingine zina ukomo.

Dipoziti ni hela yangu?

Hapana. Dipoziti ni ile hela ya dhamana anayoweka mpangaji akiingia, ni yake, wewe umeishika tu. Iweke akaunti tofauti usiiguse. Nchi nyingine sheria inalazimisha, mfano England tangu 2007 lazima ilindwe kwenye mfumo ulioidhinishwa na serikali, na Ujerumani haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3 bila gharama za huduma. Kwenu inaweza kuwa tofauti, kasome.

Kinachozuia ugomvi wa dipoziti ni siku ya kukabidhi ufunguo. Mzunguke chumba kwa chumba nyie wawili, chukua video, piga picha mita, andika kila kasoro hata kigae kilichopasuka, msaini wote na kila mmoja abaki na nakala. Siku ya kutoka mnatoa ile karatasi. Rangi iliyofifia baada ya miaka 3 ni uchakavu wa kawaida, usimkate. Mlango uliovunjwa kitasa, hapo ana haki ya kukatwa na umwonyeshe risiti ya fundi.

Na mkataba?

Uandikwe hata kama ni rafiki, hasa kama ni rafiki. Kiasi, tarehe, njia ya kulipa, nani anatengeneza nini, taarifa ya kuhama ni muda gani, na wewe mwenye nyumba ukitaka kuingia unatoa taarifa muda gani kabla. Watu wanasahau hicho cha mwisho. Akishapanga pale ni kwake, usiingie na ufunguo wa akiba hayupo.

Mpangaji halipi, nimkatie maji?

Usithubutu. Kukata maji au umeme, kutoa mlango, kubadili kufuli, kutoa vitu nje, sehemu nyingi vinakugeuza wewe kuwa mkosaji na unaweza kujikuta unamlipa fidia mtu ambaye wewe ndo ulikuwa unamdai. Siku ya 3 baada ya tarehe mpigie simu, muulize kuna nini. Wengi ni tatizo la kweli, mshahara umechelewa, mtoto ameugua. Mpangie alipe kidogo kidogo, mwandikiane. Akivunja mpango huo mpe notisi ya maandishi siku hiyohiyo, usisubiri mwezi wa 4 deni limekuwa mlima ambao hata yeye hauwezi tena. Baada ya hapo ni baraza au mahakama inayohusika kwenu.

Mwaka wa kwanza mi nilimwonea mtu haya nikakaa kimya miezi 5. Akaondoka usiku. Ningemfuata mapema tungeelewana, naamini hivyo mpaka leo, maana hakuwa mtu mbaya, aliona tu deni limemzidi.

Matengenezo niweke ngapi?

Kianzio wengi wanatumia ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, nyumba ya zamani weka 2. Mwaka huu hutaitumia, mwaka wa 5 paa litaichukua yote. Zaidi ya hapo uwe na akiba ya miezi 3 mpaka 6 ya gharama zote pamoja na rejesho la mkopo. Mpangaji akisema bomba linavuja nenda wiki hiyo. Bomba la leo ni washa ya mpira, la baada ya miezi mitatu ni dari na ukuta na mpangaji aliyekata tamaa.

Nikipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu sio faida zaidi?

Kwa usiku mmoja ndio, kwa mwaka inategemea. Samani, usafi kila mgeni akitoka, mashuka, umeme na intaneti juu yako, kamisheni ya ile programu ya simu inayokuletea wageni, na miezi ambayo hakuna mgeni. Hiyo ni biashara ya hoteli. Kama huna mtu wa kuwa pale kila siku, achana nayo. Angalia pia kama eneo na jengo vinaruhusu.

Kodi ya serikali na bima?

Tangaza mapato, tunza kila risiti. Maeneo mengi matengenezo yanapunguza mapato yanayotozwa, ila kuongeza chumba kipya kunahesabiwa tofauti, kwahiyo mhasibu saa moja kwa mwaka anajilipa mwenyewe. Fungua akaunti ya benki ya nyumba peke yake, usichanganye na hela ya nyumbani. Bima, mwambie kampuni wazi kwamba nyumba imepangishwa, ukiwaambia unaishi mwenyewe siku ya moto wanaweza kukataa kulipa.

Tununue na ndugu yangu, nusu kwa nusu?

Inawezekana na nimeona ikifanikiwa. Andikeni kwanza: nani ameweka kiasi gani, majina yote yawe kwenye hati, nani anakusanya kodi, analipwa kwa hiyo kazi au la, na mmoja akitaka kutoka au akifariki mwingine ananunua sehemu yake kwa bei inayopatikanaje. Hilo la mwisho ndo linaloharibu undugu, maana siku likitokea mmoja ana shida ya hela na mwingine hana. Mthamini wa kujitegemea, muda wa miezi 12 kulipana, imeandikwa na kusainiwa wakati bado mnapendana.

Lini niuze?

Kila mwaka rudia ile hesabu ya mwanzo, ila badala ya bei uliyonunulia weka bei ambayo ungeuza leo ukitoa gharama za kuuza. Tuseme ile ya milioni 112 leo inaweza kukupa 180 mkononi na pato halisi limefika milioni 7 tu, hiyo ni chini ya asilimia 4. Kama ukiichukua hiyo 180 ungepata nyumba mbili zinazolipa asilimia 6, basi una sababu ya kuuza. Kama kinachokusukuma ni kuchoshwa na mpangaji mmoja, badilisha mpangaji kwanza.

Na ukiuza nyumba yenye mtu ndani, mwambie yeye wa kwanza, kabla hajaona wanunuzi wanapima madirisha.